Matetemeko ya ardhi Afrika: maswali yenu na majibu

Ramani inaonyesha matetemeko mengi Algeria na Morocco, kisha kuanzia Ethiopia kushuka hadi Msumbiji. Katikati kuna utulivu. Kwa nini?

Kwa sababu kuna nguvu mbili zinazopingana. Kaskazini, bamba (kipande kikubwa cha tabaka gumu la dunia) la Afrika na la Yuresia yanasogeleana kwa milimita chache kila mwaka, miamba inabanwa, na upande mmoja unapanda juu ya mwingine. Hicho ndicho kilichotokea El Asnam, Algeria, tarehe 10 Oktoba 1980, na Boumerdès mwezi Mei 2003. Mashariki mambo ni kinyume: bamba la Somalia linajitenga na la Nubia, yaani sehemu kubwa iliyobaki ya bamba la Afrika, ardhi inavutwa mpaka inakatika, na kipande cha kati kinashuka. Hapo ndipo lilipotokea Bonde la Ufa.

Sehemu kubwa ya Kongo na Afrika Magharibi imekaa juu ya miamba mikongwe, minene na iliyopoa. Ni tulivu, lakini si salama kabisa. Tarehe 22 Desemba 1983 tetemeko lenye ukubwa unaozidi 6 liliua mamia ya watu kaskazini-magharibi mwa Guinea.

Ule ufa uliokata barabara karibu na Mai Mahiu, Kenya, mwaka 2018, ndiyo Afrika inagawanyika?

Bara linagawanyika kweli, ila ufa ule si ushahidi mzuri. Ulifunguka baada ya mvua kubwa: maji yalichimba na kubeba majivu laini ya volkano yaliyokuwa chini ya ardhi, juu pakaporomoka. Ukitaka ushahidi, tazama Dabbahu, Afar, Ethiopia, mwaka 2005. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilijipenyeza ardhini kwenye mstari wa kilomita 60 hivi, na kwa wiki chache ardhi ikapanuka kwa mita kadhaa. Kwa kawaida mwendo ni mdogo mno, milimita 6 hivi kwa mwaka Ethiopia, na unapungua kadiri unavyoelekea kusini.

Tetemeko la Kagera, Tanzania, la 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9 tu, lakini lilibomoa nyumba nyingi. Hicho kipimo kina maana gani?

Kinaeleza nguvu iliyotoka kwenye mwamba, hakielezi madhara. Kila namba moja ikiongezeka, nishati huongezeka takriban mara 32. Tetemeko la Rukwa, Tanzania, la Desemba 1910, lililofikia 7.4 hivi, lilitoa nishati karibu mara 180 ya lile la Kagera.

Anayeua ni ukuta. Agadir, Morocco, Februari 1960: ukubwa wa 5.8 tu, lakini mwamba ulikatika kwenye kina kifupi, karibu kabisa na mji, usiku, na kuta nyingi zilikuwa za mawe yaliyoshikwa kwa udongo. Walikufa watu wapatao 12,000. Ardhi nayo ina mchango wake: udongo laini wa bondeni au kando ya ziwa hukuza mtikisiko kuliko mwamba mgumu, hata mahali hapo pawe mbali zaidi na kitovu, yaani mahali tetemeko lilipoanzia.

Ninajenga nyumba ya chumba na sebule kwa matofali ya kuchoma. Nifanye nini bila kumaliza akiba yangu?

Weka fedha kwenye mkanda wa zege kabla ya madoido yoyote. Ukuta wa matofali huhimili mzigo wa juu, lakini ukisukumwa ubavuni hupasuka kwenye kona, kisha kila upande huanguka kivyake. Mkanda huzifunga kuta zote nne zitikisike pamoja.

Zungusha mkanda mmoja juu ya milango na madirisha, bila kuukatiza popote, na mwingine kileleni mwa ukuta chini ya kenchi. Weka nondo 4 za milimita 12, na ringi (vyuma vinavyozizunguka nondo) za milimita 6 kila baada ya sentimita 15. Kwenye kona ndipo mafundi wengi hukosea: huishilizia nondo pale pale. Zikunje, zipite kona na zipishane na za upande wa pili kwa angalau sentimita 60. Ncha za ringi zikunjwe kuingia ndani ya zege. Zikiachwa kwenye pembe mraba hufunguka zege la nje likibanduka.

Dirisha likae sentimita 60 au zaidi kutoka kona. Lowesha matofali kabla ya kujenga, maana tofali kavu hunyonya maji ya saruji, nayo haishiki. Kenchi zifungwe kwenye mkanda kwa nondo au waya mnene. Na ule ukuta wa pembetatu chini ya paa, kama unaweza, uache. Weka mabati au mbao, kwani ukuta huo ndio huanguka mapema.

Je, migodi na mabwawa yanaweza kusababisha tetemeko?

Ndiyo. Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, ilitikiswa mwaka 1963 bwawa lilipojaa, na Orkney, Afrika Kusini, penye migodi ya dhahabu, ilipata tetemeko la 5.5 Agosti 2014.

Baada ya tetemeko, tukae nje muda gani?

Hakuna anayeweza kukutajia saa. Mitetemo ya baadaye hupungua haraka siku za kwanza, lakini ukubwa wake haupungui kwa mpangilio. Mkubwa unaweza kuja wiki kadhaa baadaye. Mara chache, takriban mara 1 katika 20, hufuata tetemeko kubwa kuliko la kwanza. Kwa hiyo angalia nyumba, usiangalie saa. Nyufa za mshazari zenye umbo la X kati ya madirisha, kona iliyoachana, au ukuta ulioinama maana yake usilale humo hadi mhandisi aikague. Ufa mwembamba wa plasta peke yake si hatari.