Kabla malalamiko hayajafika: ushauri kwa wenzetu wanaoajiri Uingereza

Kama umeajiri hata mtu mmoja England, Wales au Scotland, sheria ya unyanyasaji wa kingono kazini imebadilika, na imebadilika kwa namna ambayo wengi wetu hatujaishika vizuri. Zamani swali lilikuwa: baada ya tukio, ulifanya nini? Tangu tarehe 26 Oktoba 2024 kuna swali la pili linalotangulia: kabla ya tukio, ulifanya nini? Mwajiri sasa ana wajibu wa kuchukua hatua zinazofaa kuzuia unyanyasaji, hata kama hakuna mtu aliyewahi kulalamika. Mahakama ya kazi ikiona mfanyakazi alinyanyaswa na wewe ulikuwa umekaa tu, inaweza kukuongezea fidia hadi asilimia 25, na fidia ya kesi hizi haina kikomo cha juu. (Northern Ireland wana sheria zao, siwagusi hapa.)

Nasimamia wafanyakazi katika kampuni ndogo ya kutunza wazee majumbani. Nikipata nafasi huwasaidia wenzetu wengine, wenye migahawa na kampuni za usafi, kuweka mambo yao sawa. Wengi ni watu wa nyumbani, wa Kenya na Tanzania, waliofungua biashara kwa jasho lao. Wanapopiga simu, ombi la kwanza ni lile lile: "Dada, nitumie ile sera yenu nibadilishe jina tu." Huwa natuma, haina siri. Ila nawaambia pia kwamba sera iliyobadilishwa jina tu haitamwokoa mtu.

Mfano upo. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya kazi iliamua kesi ya kampuni iitwayo Allay. Ilihusu ubaguzi wa rangi, si ngono, lakini hoja ni moja. Mfanyakazi mwenye asili ya India alikuwa akitupiwa maneno na mwenzake, mara aambiwe angefaa kufanya kazi duka la mtaani, mara gari lake lifanyiwe dhihaka kwa sababu ya asili yake. Kampuni ikajitetea: sera tulikuwa nayo, mafunzo tulitoa. Ni kweli yalitolewa, hata huyo mwenye mdomo alihudhuria. Tatizo ni kwamba yalikuwa yamepita muda mrefu na yalikuwa mepesi, na mameneja waliopata habari za maneno yale hawakuchukua hatua yoyote. Mahakama ikaona mafunzo hayo yamechacha, utetezi ukaanguka. Kwa hiyo mtu akiniambia "sisi tuliwaonyesha video walipoanza kazi", namuuliza walianza lini.

Tume ya usawa ya huko, EHRC, imetoa mwongozo wa hatua nane kwa waajiri, wa bure, kwenye tovuti yake. Ya kwanza ni sera. Mimi ningeanza na ya tatu, tathmini ya hatari, kisha nirudi kwenye sera nikiwa najua ninachoandika.

Tathmini ya hatari maana yake ni kukaa na rota yako mkononi na kujiuliza, nani yuko peke yake na nani, saa ngapi, na nani ana nguvu juu ya mwenzake. Kwenye mgahawa utaona stoo isiyo na dirisha, wateja waliolewa Ijumaa usiku, na bosi anayejitolea kumrudisha binti nyumbani kwa gari lake baada ya kufunga. Kwenye kampuni ya usafi utaona ofisi tupu za usiku na msimamizi mmoja mwenye funguo, ambaye ndiye huyo huyo anayegawa saa za kazi. Huyu wa mwisho mtazame sana. Anayegawa saa ndiye anayeshika mkate wa watu, na rushwa ya ngono mara nyingi huanzia hapo. Hatua inayofaa inaweza kuwa ndogo tu: saa zigawanywe na watu wawili, au mgao uonekane na wote.

Kwetu sisi hatari kubwa iko nyumbani kwa mteja. Mhudumu anaingia peke yake alfajiri nyumbani kwa mtu asiyemjua, kumwogesha na kumvisha. Kuna mzee, pengine na kijana wake mwenye miaka hamsini anayejitokeza na taulo kiunoni kila siku kwa bahati mbaya ile ile. Na kuna wazee wenye dimenshia wanaoshika wasipopaswa kushika. Hapa watu wetu huwa na huruma inayowaumiza: "Mzee wa watu hajui anachofanya." Pengine hajui. Lakini mhudumu anajua anachofanyiwa, na mwajiri naye akishajua hawezi kujificha nyuma ya ugonjwa wa mteja. Mwongozo wa EHRC unasema wazi kwamba wajibu wa kuzuia unahusu pia watu wa nje, yaani wateja, wagonjwa na jamaa zao.

Katika kazi hii habari za nyumba kama hizo hupita kwa mdomo, ndani ya gari, kutoka kwa mhudumu mmoja hadi mwingine. "Ukienda kwa yule, usimpe mgongo." Onyo likijulikana na wahudumu wote isipokuwa ofisi, basi ofisi haina tathmini ya hatari, hata kama faili lake ni nene. Tulianza kuuliza swali hilo waziwazi kila tunapokutana na mhudumu mmoja mmoja: nyumba gani huipendi, na kwa nini? Majibu tukayaingiza kwenye mpango wa huduma wa mteja kwa lugha isiyo na aibu wala matusi, tukieleza tabia ni ipi, hutokea wakati gani na tunafanya nini. Nyumba fulani wanakwenda wahudumu wawili. Nyingine anakwenda mwanamume. Nyingine tumemwita afisa ustawi wa jamii wa halmashauri tukamwambia saa tulizopewa hazitoshi kwa usalama. Kumwacha mzee bila huduma ni hatua ya mwisho kabisa, na haifanywi ghafla.

Halafu kuna viza. Wahudumu wengi wamedhaminiwa na mwajiri. Kazi ikiisha, Home Office, yaani wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza, kwa kawaida humpa mtu siku 60 apate mdhamini mwingine au aondoke, na tangu Julai 2025 njia ya kuajiri wahudumu wapya kutoka nje imefungwa. Mtu wa namna hii, mwenye deni la nauli na watoto wa shule kwao, hatakuja kukuambia kwamba meneja wako anamshika kiuno. Ukimya wake usiuhesabu kuwa amani. Tuliandika kwa Kiingereza na kwa Kiswahili kwamba kulalamika hakugusi udhamini, tukaweka njia ya kulalamika isiyopita kwa anayesaini karatasi za viza, tukabandika na namba ya simu ya ACAS, shirika la umma linalotoa ushauri wa bure kuhusu mambo ya kazi. Kumwadhibu mtu kwa sababu amelalamika ni kosa jingine kabisa kisheria, linalojitegemea, hata kama lalamiko lenyewe halikuthibitika, ilimradi alilitoa kwa nia njema.

Sasa la kwetu wenyewe. Sisi ni watu wa utani. Msukuma na Mzaramo watatukanana hadi msibani na hakuna anayenuna. Tunaitana shemeji, mke wangu, mchumba, na shifti inakwenda. Sheria ya Usawa ya 2010 haiangalii nia peke yake, inaangalia pia matokeo: je, tabia hiyo ilimvunjia mtu heshima au ikamfanya aone kazini ni mahali pa kudhalilishwa, na je, kwa mazingira yale ni haki aone hivyo? Mpishi anayemwita binti wa Kipolandi "mke wangu" shifti nzima hawezi kujitetea kwamba kwao ni kawaida. Na si kwa Wapolandi tu. Nimewasikiliza dada zetu wengi wakisema hawajawahi kuupenda utani ule hata nyumbani, walicheka kwa sababu kutocheka kuna gharama. Kwenye mafunzo mimi hutumia mifano hii hii ya kwetu, kwa Kiswahili, watu wakizomeana na kubishana. Video yenye Wazungu wawili kwenye ofisi ya vioo haiwagusi. Kundi la WhatsApp la kazi na sherehe ya Krismasi navyo huhesabika kama kazini, kwa hiyo zile picha za saa sita usiku ziacheni.

Ugomvi wangu mkubwa na wenye biashara ni ule msemo "tuyamalize kifamilia". Mlalamikiwa ni shemeji wa mwenye kampuni, mlalamikaji ni binti wa kanisani, anaitwa mchungaji, watu wanapeana mikono, binti anahamishiwa tawi la mbali "apumzike". Huko ni kumwadhibu aliyelalamika mbele ya mashahidi. Mlalamikaji akitaka mazungumzo tu bila mchakato rasmi, ni haki yake, muulize na uandike alichosema. Lakini uamuzi uwe wake. Wakihitaji kutenganishwa wakati wa uchunguzi, asogezwe mlalamikiwa kwanza, bila kumhukumu, na asikilizwe naye kikamilifu. Kama kila mtu ofisini ni ndugu wa mwenzake, lipa mchunguzi wa nje. Ni ghali, najua. Lakini jaji hatajali kwamba mchunguzi wako wa bei nafuu alikuwa binamu wa mlalamikiwa.

Mambo yanazidi kukaza. Sheria ya Haki za Ajira ya 2025 inaufanya wajibu uwe wa kuchukua hatua zote zinazofaa, na inamfanya mwajiri awajibike moja kwa moja pale mteja au mtu mwingine wa nje anapomnyanyasa mfanyakazi, si kingono tu bali hata kwa rangi au dini. Hayo yamepangwa kuanza Oktoba 2026. Kabla yake, kuanzia Aprili 2026, mtu anayefichua unyanyasaji wa kingono analindwa kama wafichuaji wengine wa maovu.

Kwa sababu hiyo tumeongeza aya moja kwenye mkataba tunaosaini na familia za wateja: wahudumu wetu hawatatukanwa kwa rangi yao, hawatashikwa, hawatatongozwa, na likitokea tutaandika barua, tutabadilisha utaratibu wa huduma, na mwisho tunaweza kutoa notisi. Familia nyingi zilisaini bila neno. Moja ilikataa, ikahamia kampuni nyingine, na mwenye kampuni yetu bado ananikumbusha saa za kazi tulizopoteza kila tunapofunga hesabu za mwezi.