Maswali Yenu: Maji ya Paa Wakati wa Uhaba

SWALI: Tunaambiwa uhaba wa maji utazidi katika miaka 10 ijayo. Paa langu ni mita za mraba 50. Je, kuvuna mvua kutanifaa? Na mbona maji ya tangi hunuka?

JIBU: Kutakufaa sana. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo mvua ya milimita 20 hukuletea lita 1,000. Tegemea 800, maana nyingine humwagika. Pima eneo la ardhi lililofunikwa na paa, si urefu wa mteremko. Wengi hukosea hapo.

Harufu hutokana na kinyesi cha ndege na majani yanayooza tangini. Maji ya mwanzo wa mvua ndiyo machafu zaidi, kwa hiyo yapitishe kwanza kwenye pipa la lita 50 lililounganishwa kabla ya tangi. Likijaa, yanayofuata huingia tangini. Toboa tundu dogo chini ya pipa lijimwage polepole, la sivyo mvua ijayo italikuta limejaa na uchafu wote utapita. Ziba kila uwazi kwa wavu wa mbu, hata bomba la kufurikia, linalosahauliwa mno. Ya kunywa yachemshe. Lakini kama paa lina rangi yenye madini ya risasi, usiyanywe kabisa, kwani kuchemsha hakuiondoi.