Migodi ishafungwa, mbona bado wanaimba?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi fundi wa kuchomelea hapa Mbagala, wikiendi tunacheki mpira wa Ujerumani kijiweni, jamaa mmoja akasema mashabiki wa Schalke 04 kule Gelsenkirchen wanaimba wimbo wa wachimba makaa ya mawe kabla ya mechi. Migodi si ilifungwa? Halafu eti viwanda vya chuma vya kule vimesimama tu hadi leo, sasa machuma yote yale kwanini wasiuze skrepa?

JIBU: Marahaba fundi. Umetuchekesha, maana huku kwetu chuma kikilala nje siku mbili kishafika kwenye mizani.

Migodi imekwisha kweli. Wa mwisho ukanda ule wa Ruhr, uliko mji wa Gelsenkirchen, yaani Prosper-Haniel pale Bottrop, ulifungwa Desemba 2018 na bonge la mwisho la makaa akakabidhiwa Rais wa Ujerumani, Steinmeier. Makaa bado yapo, ila yako chini mno, kuyatoa ni gharama na ya kuagiza nje ni bei chee, serikali ikatia ruzuku weee mpaka basi.

Skrepa nayo iliuzwa sana tu, usidhani wale malaika. Ila kuvunja tanuru zima nako ni hela, ndo maana kiwanda cha Meiderich kule Duisburg, kilichozimwa 1985, wakakigeuza bustani: unapanda ngazi za tanuru namba 5 mpaka juu unauona mji wote, na tangi la gesi wamelijaza maji watu wanapiga mbizi humo humo ndani. Mgodi wa Zollverein, Essen, ulifungwa 1986, serikali ya jimbo ikaununua, na 2001 ukaingia urithi wa dunia wa UNESCO. Pale walipokuwa wanaoshea makaa sasa ni makumbusho.

Sasa wimbo. Kule chini paa likishuka halikuulizi kwenu wapi, na watu walitoka kila mahali, baadaye hadi Uturuki. Mastaa wa Schalke miaka ya 1930, Szepan na Kuzorra, familia zao zilitoka Masuria, ambako leo ni Poland, na Kuzorra mwenyewe alifanya kazi mgodini. Kwahiyo wakiimba wanawaimba babu zao, hata njia ya wachezaji kuingilia uwanjani imetengenezwa kama handaki la mgodi.

Ila usiwaonee wivu sana fundi, Gelsenkirchen ni kati ya miji inayoongoza kwa ukosefu wa ajira Ujerumani nzima, na tiketi za makumbusho hazijarudisha zile shifti.