Wasomaji wanauliza: karata za kutafuta neno, nichukue gani?

ULIZO

Jambo gazeti. Niko mama wa batoto batano hapa Bagira, mu Bukavu, mukubwa iko na myaka 16, wa mwisho 7, na koko yao, mama ya bwana yangu, tunakaa naye. Mangaribi umeme ikikatikaka kila mutu anaingia mu telefone yake mpaka batri inakufa, kisha banaanza kupigana. Shemeji yangu mwenye kuishi Ubelgiji ananiambia nitafute karata za kucheza, zile mutu anaeleza neno bila kulitaja na benzake banatafuta. Nikapita ku butiki moja Nyawera banionyesha boksi mbili, Taboo na Codenames, zote za Kifaransa, moja dola 40! Koko hasomi, na Kifaransa anajua bonjour na merci tu, wa mwisho naye ndiyo anaanza kusoma. Nichukue gani? Ao niache tu?
– Mama wa Batano, Bagira

JIBU

Mama wa Batano, ile dola 40 ikae kwanza ndani ya kitambaa, tuongee. Kwangu tumecheza zote mbili na zingine tena, na kama unaniuliza mimi, hakuna hata moja kati ya hizo ya kuweka mbele ya koko na ya ule mudogo wa myaka 7. Mchezo wa maneno unauchagua kwa kumuangalia yule mwenye maneno machache pale mezani, maana akishindwa mara tatu anaenda kulala, na yeye akienda kulala wengine nao wanarudia telefone.

Taboo ilitoka 1989. Karata iko na neno juu, chini yake maneno tano yenye kukatazwa, unaeleza lile la juu mbio mbio mbele mchanga uishe mu kichupa, na mutu wa ekipi ingine anakusimamia, ukiteleza ukataja moja ya yale tano karata imekufa. Inachekesha kweli. Lakini ujanja wote uko kwenye yale maneno tano na waliyachagua watu wenye kufikiri kwa Kifaransa, ukiyageuza hapo hapo mu Kiswahili nusu hayakatazi kitu tena, mutu anapita pembeni kama mbuzi kwenye lupango bila mulango. Na utakutana na theluji na shimine, vitu koko hajawahi kuviona na hana haja navyo.

Codenames ni ya 2015, Mucheki mumoja Vlaada Chvátil njo aliitunga, na 2016 ikapata Spiel des Jahres, ile zawadi kubwa ya michezo ya Ujerumani. Maneno 25 mezani, tano kwa tano. Kiongozi wa ekipi anatoa neno moja na namba, tuseme "ziwa, 3", wenzake wanatafuta maneno matatu yenye kukamatana na ziwa, ila kuna moja la muuaji, mukiligusa mumekwisha. Tamu sana kwa yule wa 16. Kwa wa 7, kusoma maneno 25 peke yake ni jasho, na koko atakuwa mugeni mu nyumba yake mwenyewe.

Ya kwangu mimi ni Just One. Ilitoka 2018, na 2019 ikachukua zawadi ile ile ya Ujerumani. Ni ya watu 3 mpaka 7, wewe na batoto na koko munafika saba juste, bwana yako akiwepo basi acheze pamoja na wa mwisho. Hakuna ekipi mbili, wote muko upande mumoja, kwa hiyo vita vinapungua (sisemi vinaisha). Mutu mumoja anashika karata yenye maneno tano, imegeukia wenzake, yeye haioni, anataja namba tu, tuseme 4. Wengine kila mutu anaandika kimya kimya neno moja la kumusaidia. Kisha yule anafunga macho, wengine wanaonyeshana, na maneno yenye kufanana YOTE yanafutwa, hata mukiwa watu wanne mumeandika lile lile. Hapo njo utamu wenyewe uko, juu unaanza kujiuliza wengine wataandika nini ili wewe ukimbie kule hawaendi. Munapitisha karata 13. Akipata ni pointi moja, akikosea inapotea ile na inayofuata, akinyamaza inapotea ile moja tu.

Kwetu siku moja mangaribi neno lilikuwa SAMBAZA, ule samaki mudogo wa ziwa. Mwenye kutafuta ni kijana wangu wa myaka 12. Mimi nikaandika samaki, dada yake samaki, baba yao samaki, tukafuta zote tatu huku tunaangaliana kama wezi. Ikabaki ya koko peke yake, yeye alimunong'oneza mujukuu aandike: TAA. Kijana anafungua macho anaona karatasi moja tu. Taa? Akakunja uso, akageukia dirisha, na kule chini ziwani wavuvi walikuwa tayari wamewasha zao mu giza, mustari mzima, akapiga kelele SAMBAZA mpaka jirani akagonga ukuta. Koko alisimama akacheza. Tangu ile siku yeye njo anaulizaka karata ziko wapi.

Na boksi hauna lazima nayo. Chukua karto ya biskwiti, makasi na biki, kata karata 60, kila moja maneno tano, hiyo ni maneno 300 na munamaliza jumapili moja kama kila mutu anatoa yake na koko anasema ya kwake wengine wanaandika. Changanya: sombe, Ruzizi, chaki, arusi, boti, mwiko, Kadutu, kiroboto, deni. Usiache yule wa 16 aandike peke yake, atakujazia majina ya wachezaji wa mpira. Kila mutu apate ubao mudogo na chaki ao kipande cha kaye, umeme ikikosekana mushumaa mumoja katikati ya meza unatosha.

Maneno yenye sura mbili yatafute kwa nguvu. MOTO kwa mfano: mumoja ataandika makala, mwingine kaske ya pikipiki, mwenye kutafuta atahangaika kati ya jiko na yule dereva wa kona. AVOKA ni ya kula na ni ya kutetea watu mahakamani. MEZA, PANDA, UA, zote hizo. Hapa Kiswahili chetu ni tajiri kuliko boksi ya dukani.

Kitu kimoja mukielewane mapema ni shina la neno. Ikiwa neno ni MPISHI, kuandika "pika" ni kudanganya, na "mapishi" pia. Kwetu tulibishana nusu saa juu ya mwalimu na elimu, mukubwa anasema ni maneno mawili tofauti, baba anasema ni mama mumoja, mwishowe tukaweka sheria: sikio likisikia undugu, linafutwa. Na samaki moja ao samaki kumi ni neno lile lile, usikubali ujanja wa "visamaki".

Taboo tuiwekee wale wakubwa, nayo mutengeneze yenu. UGALI, na chini yake unga, muhogo, sombe, mwiko, kula. Jaribu kuieleza sasa hapo ulipo bila kutaja hizo tano, utaona.

ULIZO

Sisi ni wawili tu, tumeoana mwaka jana, batoto bado. Michezo yote tunaona inaomba ekipi. Kuna ya watu wawili?
– Wawili wa Nguba

JIBU

Iko, Codenames Duet, ya 2017, munacheza pamoja bila kushindana. Maneno 25 yale yale ila kila mumoja anaona upande wake wa ramani (ile karata yenye kuonyesha maneno gani ni ya kutafuta), munatafuta maneno 15 kwa zamu 9, na kila upande una wauaji watatu. Ya Kifaransa kwenu haina shida kama wote munakisoma. Ila nawaambia kama rafiki, usimuulize bibi yako "lakini ulifikiria nini?" zaidi ya mara moja kwa mangaribi.

ULIZO

Niko muongozi wa kikundi cha vijana, tunakuwaka 14 ao 16. Franga hatuna. Mutupatie mchezo.
– Kijana wa Kadutu

JIBU

Ndugu yangu, fanyeni ile ya Time's Up!, iliyotoka Marekani 1999 lakini yenyewe inatokana na mchezo wa zamani wa vikaratasi ndani ya kofia, basi nanyi rudieni kofia. Andikeni majina 40 ya watu wote wanawajua, marehemu kwa wazima, ekipi mbili ao tatu, sekunde 30 kwa zamu. Duru ya kwanza unaeleza unavyotaka, ya pili majina yale yale lakini neno moja tu, ya tatu hakuna neno, mwili peke yake. Msibadilishe vikaratasi kati ya duru, kama neno limesemwa duru ya kwanza kila mutu analikumbuka na hapo njo kicheko kinaanza. Dokta Mukwege mu duru ya pili mutu anasema "Panzi", hospitali yake, na imekwisha. Lumumba ni ya duru ya tatu: mutu anachora miwani hewani, anagusa kidevu, mbele hajashusha mukono ekipi nzima imeshasimama.