Dawa ileile, uchovu mwingine: hataza inapatikana?

SWALI: Habari za kazi, wakili. Nina duka la dawa Ngamiani, Tanga. Dawa ya modafinili inajulikana kwa kuwasaidia watu wanaopitiwa na usingizi mchana. Mimi naona ingewafaa wanaobaki na uchovu wiki kadhaa baada ya malaria. Sijaona ilipoandikwa, na mwezi uliopita niliwaeleza wenzangu kwenye semina. Naweza kupata hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wangu?

JIBU: Ndugu mfamasia, kutoandikwa kunakuvusha mlango wa upya tu. Mlango wa pili ndio unaokwamisha wengi: je, mtaalamu wa kawaida wa fani yako, mwenye maandiko yote ya nyuma mezani, asingefika hapo mwenyewe?

Mpinzani wako ataonyesha kwamba modafinili inachangamsha, na kwamba kufikia 2002 ilishajaribiwa kwa uchovu wa wagonjwa wa maltipo sklerosisi (ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo). Toka hapo hadi malaria, atauliza, pana ugunduzi gani? Marekani, tangu kesi ya KSR dhidi ya Teleflex ya 2007 (ilihusu pedeli ya mafuta ya gari, wala si dawa), ili kukunyima hataza haihitajiki karatasi inayosema waziwazi “jaribu hiki”. Akili ya kawaida ya mtaalamu inatosha.

Linganisha na amantadini, iliyoanza kama dawa ya virusi vya mafua. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mgonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka) aliyeimeza kujikinga na mafua akaona mtetemeko umepungua. Hilo nani angelikisia?

Hoja yako ipo, ila nyembamba: uchovu si usingizi. Mtu wako analala vizuri usiku, mchana hasinzii, lakini akitoka bombani na ndoo moja anakaa chini njiani. Ukionyesha kwa takwimu kwamba dawa ya kukesha inamwinua huyo, na wataalamu hawakuitarajia, una la kusema. Takwimu, nasema, tena za utafiti wenye kibali cha maadili. Usianze kuwagawia wateja wa dukani.

Hapa nyumbani ukuta unakuja mapema zaidi: Sheria ya Usajili wa Hataza ya 1987 haitoi hataza kwa njia ya kutibu binadamu. Ulaya hukubali dai la dawa ya zamani kwa ugonjwa mpya, lakini huko ukishatangaza mwenyewe kabla ya kuwasilisha ombi, maneno yako yanatumika dhidi yako.

Kwa hiyo kabla ya yote nitumie slaidi za ile semina, na orodha ya waliohudhuria.