Maswali na Majibu: Dyson, Toroli na Kompyuta Zenu

Naona wengi mmemsoma James Dyson, yule Mwingereza wa mashine za kufyonza vumbi. Haya.

Shikamoo fundi. Nataka kuwa mbunifu wa bidhaa kama Dyson. Ninunue kompyuta gani? (Majengo)

Marahaba. Hili ni la nne mwezi huu. Nunua msumeno wa chuma na futi.

Alisomea uhandisi? (Nzuguni)

Hapana. Fanicha na ubunifu wa ndani ya majengo, Royal College of Art, London.

Ni kweli alitengeneza sampuli 5,127 za mashine ya kufyonza vumbi? (Chamwino)

Kweli, kati ya 1979 na 1984, akibadilisha kitu kimoja tu kila mara. Wazo alilitoa kiwanda cha mbao, alikoona koni kubwa ikizungusha hewa mpaka vumbi la mbao linajitenga na kudondoka. Akaenda kung'oa mfuko wa mashine yake ya nyumbani, akafunga koni ya boksi kwa utepe wa gundi. Miaka yote hiyo mkewe, Deirdre, alikuwa akifundisha sanaa ili watoto wale. Mnaonisimulia habari za Dyson huwa mnamruka huyu mama. Mashine yenye jina la Dyson mwenyewe, DC01, ilitoka 1993.

Nasikia alianza na toroli? (Kizota)

Kabla yake kulikuwa na boti ya mizigo, lakini ndiyo, toroli liko: Ballbarrow, 1974. Badala ya gurudumu jembamba aliweka mpira mnene wa plastiki usiozama kwenye tope. Juzi Chang'ombe nimemtazama muuza maji, madumu sita, gurudumu limezama mchangani, kageuka analivuta kinyumenyume. Kijana wa kompyuta, umewahi kumsukumia hata hatua kumi?

Hukuniuliza, ila nakwambia: hataza ya lile toroli, yaani haki ya mvumbuzi kisheria, Dyson aliiacha mikononi mwa kampuni. Wenzake walipomtoa, akaondoka bila toroli. Mimi nilimchorea fundi mmoja mashine ya kupukuchua mahindi, kwenye mfuko wa saruji, tukinywa chai. Msimu uliofuata nikaikuta inauzwa sehemu tatu, mpaka kosa langu la mpini wamelinakili.

Gari lake la umeme liliishia wapi? (Area D)

Alilifuta 2019. Lisingelipa.

Naweza kukutumia mchoro wangu uutazame? (Kongwa)

Usinitumie! Anzia BRELA, wakala wa serikali wanaosajili hataza, uandikishe uvumbuzi wako kwa jina lako. Halafu njoo na kitu chenyewe, nikishike.