Tulishiba kabla ya kuonja

SWALI: Shangazi, shikamoo. Juzi mimi na mume wangu tulikwenda tamasha la vyakula vya mtaani jijini. Kufika banda la tatu tulikuwa tumeshiba ndi, na usiku tumbo likanisokota. Tulikosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Mwili huchukua kama dakika 20 kutambua shibe, nanyi mlikula kwa pupa. Mimi kwanza nazunguka mabanda yote mikono mitupu, ndipo nanunua sahani moja ya kugawana.

Kuhusu tumbo, tazama mvuke. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kibaki na joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi, na kisikae kimepoa kwa zaidi ya saa 2. Mwaka jana niliona sinia la nyama ya kuchoma, mafuta yameganda meupe pembeni. Harufu ilinivuta kweli, lakini nililiacha. Panga foleni pale kinapoepuliwa mbele ya macho yako. Muuzaji anayeshika pesa na chakula kwa mkono uleule, huyo mpite.

Tumbo likiendelea kusokota, au ukiona damu chooni, nenda hospitali leo hii.